Sabuni ya uso wa mafuta: miezi mitatu nayo Lamu

Uso wangu ni wa mafuta tangu nibaleghe. Saa nne asubuhi, nikiwa ndio kwanza napanga bidhaa dukani huku Langoni, pua na paji la uso vishalowa, na mtandio una doa pale unapogusa kipaji. Mamangu hunitania kwamba siku mafuta yakipanda bei, bajia atakaangia usoni pangu.

Kwa hiyo nilikuwa naosha. Naosha kwelikweli! Kila nikitia udhu natia na sabuni, tena ile ya mche tunayofulia, na dodoki juu. Mara tano kwa siku, na ya sita nikitoka jikoni. Ngozi ilikuwa ikikaza hata kucheka tabu, na baada ya saa moja mafuta yale yale yamerudi, safari hii juu ya ngozi inayobanduka. Nikajaribu ndimu. Nikaipaka, nikatoka juani kwenda Mkunguni, na mabaka meusi niliyoyapata yalikaa miezi. Ndimu iacheni kwenye samaki.

Aliyenizindua ni mfamasia mmoja nilipokwenda Mombasa. Kabla ya kunionyesha chochote aliniuliza, "Dada, sabuni unatia mara ngapi kwa siku?" Nilipomjibu alicheka, kisha akaniambia udhu ni maji tu, sabuni ni asubuhi na usiku, basi. Sabuni ya mche ni kali: ngozi ya uso ina uchachu kidogo, pH yake (kipimo cha uchachu; namba ikishuka chini ya 7 uchachu huzidi) huwa karibu na 5, na sabuni ya kawaida hufika 9 hata 10. Unachokisikia kama usafi ule wa kukaza ni ngozi kukauka na kuchubuka, na tezi za mafuta zilizo chini yake hazina habari, zinaendelea na kazi yao.

Akanishauri sabuni ya uso ya maji yenye asidi ya salisiliki asilimia 2. Asidi hii huyeyuka kwenye mafuta, ndiyo maana inaweza kuingia ndani ya vitundu vya ngozi na kulegeza taka zilizoziba humo. Aliniuliza pia kama aspirini inanidhuru, kwa kuwa hizi ni za ukoo mmoja, na mwenye mzio nayo asiiguse.

Siku ile sikuwa na pesa ya kutosha, nikaja kuagiza baadaye kwenye duka jingine. Hapo ndipo pana lawama yangu. Chupa ilipanda basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, ikanifikia robo yake imemwagika ndani ya mfuko kwa sababu pampu haikufungwa. Nilipopiga simu nikaambiwa mzigo ukishatoka dukani si wao tena. Shilingi 1,450 zangu, na robo imenywewa na karatasi.

Yenyewe ni jeli nyepesi isiyo na harufu. Natia tone kama punje ya kunde, napaka kwa vidole taratibu kama nusu dakika, nasuuza. Dodoki nimelistaafisha. Jambo lililonifurahisha ni kwamba haigombani na maji yetu. Kisima cha nyumbani kwetu kina chumvichumvi. Sabuni ya kipande humo haitoi povu la maana, na huacha utando usoni kama wa ndani ya birika. Hii inasuuzika vizuri, ingawa nikipata maji ya mfereji, yale yanayotoka visima vya mchangani Shela, naiona inasuuzika vizuri zaidi.

Wiki ya pili nilitaka kuitupa. Chunusi ndogondogo zilitoka kidevuni na pembe za mdomo zikachanika. Nikapunguza, nikaitumia usiku tu, na asubuhi maji matupu. Nikaongeza losheni nyepesi isiyo na mafuta. Hili la losheni nililikataa kwa muda mrefu, maana mtu mwenye uso kama wangu kuambiwa apake kitu tena ni kama matusi. Lakini mchubuko ulikoma. Wiki ya sita nikarudi mara mbili kwa siku, na ngozi ikakubali.

Sasa niseme ukweli: mafuta hayajakoma. Sabuni huondoa yaliyo juu, tezi haizifungi. Zamani nilikuwa nameremeta kabla ya saa nne, siku hizi nafika adhuhuri, nagusisha tishu bila kusugua, udhu unamalizia. Vidoa vyeusi vya puani vimepungua sana. Chunusi za kipaji zimepungua pia, ila hapo sabuni isipewe sifa zote: nimeacha kujimwagia mafuta ya nazi nyweleni mchana, yalikuwa yakiteremka na jasho chini ya mtandio na kuziba njia. Sasa natia usiku wa kuamkia siku ya kuosha nywele, na nafunga kitambaa.

Kero iliyobaki ni mafuta ya kukinga jua. Yanahitajika, hasa kwa mabaka yangu yale ya ndimu, lakini udhu wa adhuhuri huondoka nayo, sharti nipake tena, na niliyonayo huniacha mweupe kama niliyeshika unga wa mahamri. Bado natafuta.

Na liwa, ule msandali uliosagwa wa kupaka usoni? Liwa siiachi, mkiniuliza. Alhamisi usiku, laini, bila kuiacha ikauke hadi ipasuke. Haifanyi kazi ya salisiliki, ila harufu yake hakuna chupa iliyonipa.

Chupa ya pili nimemwagiza mpwa wangu anayerudi kutoka Mombasa. Nimemwambia aibebe mkononi, na pampu aifunge kwa selotepu.