TAHADHARI: Tapeli anayeuza "dawa ya kupenya" kwa wenye miti ya matufaha

Wenzangu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Mnaojua matufaha yangu yalivyodondoka msimu uliopita mnaelewa kwa nini nilikuwa natafuta dawa kwa udi na uvumba.

Huyu jamaa hakuja kama mbabaishaji. Alichukua tufaha lenye tundu, akalipasua, akanionyesha kiwavi mwenye kichwa cha kahawia amejikunyata kwenye mbegu. "Unaona, mzee wangu? Huyu ndiye Cydia pomonella," yaani kiwavi wa nondo anayetoboa matufaha. Alikuwa anauza pia mitego ya gundi yenye vipira vya feromoni; akaeleza kwamba vipira hivyo vina harufu ya nondo jike, na dume huifuata mpaka anase kwenye gundi. Yote hayo ni kweli! Mtu anayekupa ukweli mfululizo namna hiyo, unaanzia wapi kumshuku? Kisha akapulizia lile tufaha lililopasuliwa. Kiwavi akajinyonganyonga, akafa mbele ya macho yangu. "Hii inapenya mpaka kwenye kokwa," akasema, na risiti akaniandikia. Nimepulizia, nimetundika mitego, na matufaha yametobolewa yote, uchafu wa viwavi umejaa kwenye matundu kama unga wa mbao. Namba yake haipatikani.

Ule ulikuwa mchezo wa kiini macho. Kiwavi aliyemwagiwa dawa mwilini lazima afe; aliye ndani ya tunda zima hafikiwi kirahisi hivyo. Huyu mdudu hutoboa tunda muda mfupi tu baada ya kuanguliwa, kwa hiyo dawa inatakiwa imkute nje. Na mtego hunasa madume, kazi yake kubwa ni kukuonyesha nondo wameanza kuruka ili upange siku ya kupulizia. Anayekuahidi kwamba utamaliza tatizo kwa mtego peke yake anakuibia.

Halafu vile vipira vilikuwa vimemwagwa kwenye mfuko wazi, juani, bila pakiti iliyozibwa. Chupa ina lebo juu ya lebo, kiambato hakitajwi, tarehe hakuna. Wenye mapeasi na jozi, nanyi atawafikia, maana nondo ni huyu huyu.

Akamatwe! Arudishe hela ya kila mtu, kisha afungwe, asiguse tena biashara ya viuatilifu maisha yake yote. Kula jasho la mkulima ni unyama. Mliouziwa msitupe chupa wala risiti. Yangu nimeihifadhi kama ilivyo, tuzipeleke pamoja polisi na kwa wakaguzi wa viuatilifu.