Kusajiliwa kundi maalumu: mfuma masweta wa Uyole natoa maksi

Kwa mwenye haraka: usajili wenyewe, wa kikundi chetu kupata tenda za serikali, naupa nne kwa tano. Vinavyouzunguka, mbili, na hapo nimejitahidi.

Tuko watano, wote tuna ulemavu, tunafuma masweta ya shule na kushona hapa Uyole. Anayeijua Mbeya ya Juni na Julai hahitaji kuelezwa kwa nini masweta. Mguu wangu wa kushoto ulikwenda na polio, kwa hiyo cherehani yangu ni ya mkono: wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa. Mwenyekiti wetu haoni, ila mpe sweta apitishe kidole kwenye ukingo wa mkono, atakuonyesha jicho la uzi lililoruka. Mzigo hautoki bila yeye kuushika.

Sasa usajili. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na kanuni zake zinazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Usiposajiliwa, hiyo asilimia 30 utaisikia redioni tu. Watu wengi wanaichanganya na mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ule usio na riba: nne wanawake, nne vijana, mbili sisi. Mkopo ulisimamishwa Aprili 2023 ukarudi 2024, na jirani yangu mpaka leo anaamini na tenda zilisimama. Hazikusimama. Mkopo unarudisha, tenda unafanya kazi, unalipwa.

Tulianzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, na hapa ndipo maksi nyingi zilipotoka. Dada yule alitoka na kiti chake akakaa nasi kwenye benchi la nje, akamsomea mwenyekiti katiba yetu kifungu kwa kifungu. Kufika cha tisa akanyamaza, kisha akauliza, "Mwenyekiti, shikamoo tena. Hii chanjo ya mifugo ni ya nani?" Katiba tuliinakili kwa kikundi cha wafuga nguruwe, tukabadilisha jina juu, basi. Tulicheka mpaka mzee wa kusubiri mhuri naye akaanza kucheka bila kujua kisa. Hakutufukuza. Alitusahihishia kwa kalamu, tukaenda kuchapa upya, cheti cha kikundi kikatoka. TIN, namba ya mlipakodi, haina gharama, ukiwa na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, mambo ni mepesi. Akaunti ya benki tulikuwa nayo tangu enzi za kuchangiana uzi.

Tulipokwama ni NeST, mfumo wa tenda wa mtandaoni ulioanza kutumika 2023. Hakuna kati yetu mwenye kompyuta, tukaenda steshenari moja mjini. Kijana mchangamfu, "mama" kila neno, akatujazia kila kitu kwa nusu saa. Hatukuangalia kwamba kwenye barua pepe na simu ameweka zake. Kila tukitaka kuingia, namba ya siri inaingia kwake, nasi tunalipia "huduma". Tenda mbili zilifunguliwa zikafungwa sisi hatuna habari. Kubadilisha kulituchukua wiki tatu na nauli za bajaji ambazo sitaki kuzijumlisha. Ukiwa na kikundi, weka simu ya mwanachama, barua pepe ifunguliwe mbele yako, na neno la siri uliandike mwenyewe hata kama mkono unatetemeka.

Na ofisi moja, siitaji, ina huduma yetu ghorofa ya pili. Bango la "Tunawahudumia watu wenye ulemavu" lipo. Liko huko huko juu.

Tenda ya kwanza kupata ilikuwa mashuka 60 ya kituo cha afya. LPO, ile hati ya kuagiza mzigo, mkononi, pesa ya kitambaa hakuna. Watu hawaelezwi hili: cheti kinakufungulia mlango, ila kitambaa unanunua wewe, na malipo yanakuja mzigo ukishapokelewa na kukaguliwa. Mama mmoja wa duka la vitambaa Mwanjelwa alitukopesha jora kwa sababu tu tumemnunulia uzi miaka mingi. Mashuka tulimaliza kwa siku tisa. Malipo tuliyasubiri wiki saba. Kwa kampuni wiki saba ni kitu kidogo. Kwetu ada ya mtoto ililala, na mimi nilikuwa napita njia ya nyuma ya soko ili nisikutane na yule mama. Pesa ilipoingia iliingia yote, haikukatwa kitu cha ajabu, na hakuna aliyeniomba soda. Nalisema hilo kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kuombwa.

Ningesajili tena? Ndiyo, hata kesho. Masweta yana msimu. Novemba nani anakuulizia sweta? Mashuka na mapazia hayana.

Jumatatu tumeona tenda ya mapazia, inafungwa Ijumaa. Safari hii ujumbe umeingia kwenye simu ya binti wa mwenyekiti. Mzee ameshaagiza aletewe vipande vitatu vya kitambaa avishike kabla hatujaandika bei.