Duka la Dawa la Ngara: Mfamasia Anayeuliza Kwanza

Katika duka hili dogo la dawa mtaani Ngara, mfamasia hakunipa antibayotiki nilizoandikiwa mpaka aliponiuliza kama natumia ARV, yaani dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI, na za aina gani. Alieleza kwamba antibayotiki ya amoksilini haina ugomvi na dolutegravir, mojawapo ya ARV, ilhali rifampisini, ambayo hutibu kifua kikuu, hulifanya ini liivunje dolutegravir upesi, na ndiyo maana mgonjwa hupewa miligramu 50 za dolutegravir mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Klarithromaisini, antibiotiki nyingine, nayo huhitaji uangalifu kwa anayetumia ritonavir, ambayo pia ni ARV. Bei ni za kawaida. Kasoro ni kaunta iliyo wazi mno, kwani foleni nzima husikia maswali ambayo, kwa haki, yangeulizwa faraghani.