Mwaka mzima nikila kwa nyota za wenzangu

Nyota tano nilizozitoa haraka kuliko zote maishani nilizitoa mdomo ukiwa bado umejaa. Mhudumu alisimama pembeni ya meza, bili mkononi, akaniuliza kama ninayo ile programu ya ramani kwenye simu. Ninayo. Basi nikiwapa nyota tano hapo hapo, kinywaji kimoja kingeondolewa kwenye bili. Tulikuwa wanne, tumesubiri chakula karibu saa nzima, supu imekuja vuguvugu, na meza yetu inatazamana na mlango wa msalani. Nikabonyeza nyota ya tano, nikaandika "Chakula kitamu, huduma safi sana", nikamgeuzia simu aone. Akashukuru, akaenda zake. Shemeji yangu akanikazia macho: "Shahidi wa uongo wewe." Tukacheka, yakaisha.

Yalirudi kwa sababu ya daftari. Huyu huyu shemeji anaamini kwamba watu elfu mbili wakisema mahali ni pazuri, basi ni pazuri, huna haja ya kuuliza zaidi. Mimi niliona hapana, ila sikuwa na cha kumwonyesha. Nikaanza kuandika. Kabla ya kwenda kwenye mgahawa nisioujua, naandika wastani wa nyota ninaouona kwenye simu. Nikirudi, kabla sijalala, naandika alama yangu mwenyewe, tano kwa moja, bila kuchungulia tena wenzangu wamesemaje. Nimefanya hivyo mwaka mzima, migahawa 38. Kwa hiyo haya ni maoni yangu juu ya maoni: huduma hii ya walaji kuambiana wapi pa kula inanifaa kiasi gani?

Jibu la daftari lilinishangaza hata mimi niliyekuwa natafuta ushindi. Karibu migahawa yote niliyokwenda ilikuwa kati ya nyota 4.2 na 4.7. Alama zangu zilianzia moja hadi tano, zimetawanyika ovyo. Yaani ndani ya ule ukanda mwembamba ambamo sote tunachagulia, tarakimu haikuniambia chochote. Wa 4.6 ulinichosha, wa 4.3 ulinifanya nimpigie mama simu nikiwa bado mezani. Na chini ya nne sikuthubutu kwenda, isipokuwa mara tatu ambazo njaa ilinishika pasipo na pa kuchagua. Kati ya hizo tatu, mbili zimo katika tano bora za mwaka.

Ukifikiria ni nani anayeandika, unaanza kuelewa. Mtu aliyekula, akashiba, akalipa, akaenda kulala, haandiki. Anaandika aliyefurahi kupita kiasi, au aliyetoka anatetemeka kwa hasira, au aliyeombwa kama nilivyoombwa mimi. Hata hali ya hewa ina mkono wake. Mwaka 2014 watafiti walipitia maoni milioni 1.1 ya migahawa ya Marekani, wakakuta kwamba yaliyoandikwa siku za mvua au theluji yalikuwa na nyota pungufu kuliko ya siku za hewa nzuri. Mpishi ni yule yule, sufuria ile ile, mlaji tu ndiye aliyelowa.

Mwaka huo huo Dan Jurafsky, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, pamoja na wenzake walitoa uchunguzi wa maoni karibu 900,000 ya migahawa kutoka Yelp, huduma ya Marekani ambako wateja huandika maoni na kutoa nyota. Waliona kwamba wenye kutoa nyota moja huandika kama watu walionusurika na ajali: wanasimulia yaliyopita, wanaeleza walivyotendewa, na wanapenda sana kusema "sisi", kana kwamba wanajikusanya kupeana pole. Niliposoma hayo nikafungua maoni yangu ya zamani ya nyota moja. "Tulisubiri." "Tulidharauliwa." "Hatukuamini macho yetu." Siku ile nilikuwa peke yangu.

Sasa mtu atasema, mchezo tu huu, nyota haziumi. Zinauma. Mtafiti Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard alilinganisha maoni ya Yelp na mapato ya migahawa ya Seattle, akakadiria kwamba nyota moja zaidi huongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9, na kwamba faida hiyo huenda kwa migahawa inayojitegemea, si ile yenye matawi kila mahali ambayo jina lake linajulikana tayari. Watafiti wengine wawili, Anderson na Magruder, mwaka 2012 walitumia ujanja ninaoupenda: wakati huo Yelp ilikuwa inakadiria wastani hadi nusu nyota iliyo karibu, kwa hiyo mgahawa wa 3.24 ulionyeshwa kama 3, na wa 3.26 kama 3.5. Migahawa miwili inayofanana kama mapacha, mmoja umebahatika na mwingine umekosa. Huko San Francisco, ile nusu nyota ya bahati iliongeza uwezekano wa meza kujaa jioni kwa pointi 19 za asilimia. Usione vyaelea, vimeundwa, na hapa kilichounda ni hesabu ya kukadiria tu.

Palipo na faida ya namna hiyo, uongo haukosi kuja kula pamoja nasi. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Oobah Butler, ambaye mwaka 2017 aliandikisha kibanda cha bustanini kwake, London, kwenye Tripadvisor, tovuti ya maoni ya wasafiri, kama mgahawa, kwa jina The Shed at Dulwich. Picha za vyakula alizitengeneza kwa povu la kunyolea ndevu na vidonge vya kusafishia choo. Marafiki wakaandika sifa. Kila aliyepiga simu akaambiwa meza zimejaa, na jinsi zilivyozidi kujaa ndivyo watu walivyozidi kupataka. Kabla mwaka haujaisha, kibanda kile kilikuwa cha kwanza katika orodha ya migahawa ya London nzima. Hadi siku hiyo hakikuwa kimempa mteja hata yai.

Ila mimi siogopi sana waongo wa aina ya Butler. Naogopa waongo wa aina yangu, tulioketi kweli, tukala kweli, tukalipa kweli, halafu tukasema lisilokuwepo kwa sababu mtu mpole amesimama anatusubiri. Uongo wetu hakuna mashine inayoweza kuunasa, maana simu inathibitisha kabisa kwamba tulikuwa pale. Baadaye nimejua kwamba Marekani, kanuni iliyoanza kutumika Oktoba 2024 inakataza biashara kutoa malipo au zawadi kwa sharti kwamba maoni yawe mazuri, au yawe mabaya. Kinywaji kile kingekuwa ushahidi.

Wakaguzi wa Michelin, kitabu cha Kifaransa cha kupima migahawa kilichoanza kugawa nyota zake mwaka 1926, hula bila kujitambulisha na kampuni yao ndiyo inayolipa bili. Nilikuwa nikiona ni mbwembwe za Kifaransa. Sasa naona ni akili ya kawaida kabisa: ukitaka kusema kweli juu ya mpishi, kwanza hakikisha huna deni naye.

Pamoja na hayo yote sijaacha kuitumia huduma hii. Nimebadilisha macho tu. Nyota sizitazami tena isipokuwa ziwe chache kupindukia. Naanza na maoni mapya, kwa sababu mpishi akihama mgahawa, sifa zake za miaka mitatu hubaki ukutani kama picha ya marehemu. Kisha naenda kwa waliotoa nyota tatu. Hawa ndio watu wangu. Mwenye nyota tatu hakuja kuabudu wala kulipiza kisasi, na mara nyingi anakumbuka alichokula. Atakuambia kitoweo kilikuwa na chumvi nyingi lakini kilichoandamana nacho kimepikwa vizuri, atakuambia alikuja Jumapili mchana na watoto wawili, atakuambia kiti kiliyumba. Hapo najua kwamba aliketi.

Maoni yanayomtaja mhudumu kwa jina na kumsifu, yakiwa kumi mfululizo ndani ya wiki moja, nayaruka. Sio kwamba mhudumu huyo mbaya. Ni kwamba nakumbuka nilivyogeuza simu yangu.

Na picha: za mwenye mgahawa ni za kupendeza, za mlaji ni za kuaminika. Ile iliyopigwa vibaya, taa imemulika mchuzi, kidole kimeingia pembeni, ndiyo inayokuonyesha sahani ina ukubwa gani.

Lakini somo kubwa nililipata kwenye malalamiko. Ule mgahawa ulioshinda yote ya mwaka ulikuwa na nyota 3.6. Nilikaa nje nikisoma kabla ya kuingia, nikitafuta sababu ya kuondoka. Mmoja analalamika kwamba wanachelewa kwa kuwa kila oda inapikwa upya. Mwingine, kwamba menyu ina vitu vinne tu. Wa tatu amekasirika kwa sababu hakuna muziki. Wa nne anasema mpishi alikataa kumpunguzia viungo. Nikajikuta natabasamu. Kila kilichowaudhi ndicho nilichokuwa nikikitafuta mji mzima. Nilisubiri dakika arobaini kimya kimya, na nilichokula siku ile bado nakisimulia kwa watu ambao hawajaniuliza. Kumbe lalamiko zuri ni maelezo ya mahali, ila limeandikwa na mtu aliyekosea mlango.

Kinyume chake pia nilikiona. Palikuwa na mahali pa 4.8. Taa nzuri, ukuta mzuri wa kupigia picha, maua. Nilisoma maoni kama thelathini nikiwa tayari nimeketi, na hakuna hata moja lililotaja ladha. Ningesoma kabla ya kuketi ningejua.

Kama ningekuwa na sauti kwa wanaotengeneza programu hizi, ningewaomba warudi kwa Tim na Nina Zagat. Mwaka 1979 huko New York, wanandoa hao walianza kukusanya maoni ya walaji wenzao kwenye karatasi, na vitabu vyao vikaja kutoa alama hadi 30, mbalimbali: chakula peke yake, mandhari peke yake, huduma peke yake. Mtu aliyependa maua angeyapa maua alama zake, bila kuziazima kwa mpishi. Siku hizi zipo programu zinazouliza hivyo, lakini ukishamaliza kujibu, tarakimu inayokaa juu kwa herufi kubwa ni ile ile moja, ya kila kitu kwa pamoja, na wengi wetu hatushuki chini yake.

Nilimpelekea shemeji daftari. Alilisoma lote, kwa haki yake, akakaa kidogo kisha akaniuliza: "Katika hiyo 38, umeugua tumbo mara ngapi?" Hata mara moja. "Umekuta pamefungwa mara ngapi?" Mara moja tu. "Umekuta panya?" Sikukuta. Akanirudishia daftari. Ameshinda hapo, na sina budi kukiri. Pale ambapo watu sita tofauti, miezi tofauti, wamesema waliugua, mimi siendi, na hao sita siwajui wala sijawahi kuwashukuru. Kwa hiyo nikiulizwa leo, nasema huduma hii ni chujio, si mizani. Makapi inayatoa vizuri. Kupima kilichobaki, haiwezi, kazi hiyo ni ya mlaji mwenyewe na muda wake wa kusoma. Ningeipa nyota tatu, na mnajua sasa kwamba kwangu hilo si tusi.

Ilibaki deni moja. Wiki iliyopita nilifungua yale maoni yangu ya kinywaji. Yapo bado, na chini yake pameandikwa kwamba watu saba wameyaona yanafaa. Saba. Watu saba walisoma "Chakula kitamu, huduma safi sana", wengine pengine wakavaa nguo nzuri, wakaita familia, wakaenda kuketi mkabala na mlango wa msalani.

Nilisita kwa sababu ya yule mhudumu. Hakuwa amebuni mpango ule yeye, hilo lilionekana usoni, na sikutaka nyota zangu zimwangukie kichwani. Nikaandika hivi, nikaacha hivyo:

"Nyota tatu, zamani tano. Tulikuwa wanne, Jumamosi usiku. Tuliagiza saa mbili, chakula kikafika saa tatu kasoro dakika tano. Supu vuguvugu. Nyama laini, imekolea, ningeirudia. Omba meza ya dirishani, ile ya nyuma inatazamana na msalani. Mhudumu mpole sana na alituomba radhi kwa kuchelewa bila kuambiwa. Nyota tano za mwanzo nilizitoa kwa sababu tulipewa kinywaji bure."

Shemeji ameona. Ameniuliza kama sasa nitarudi pale kukilipia kile kinywaji. Nimemkumbusha ni nani aliyekinywa.