Kifaa cha kupigia .22 kwenye AR-15: uzoefu wangu

Ukinunua kifaa hiki, kinachoiwezesha bunduki ya AR-15 kupiga risasi ndogo za .22, ukitarajia shabaha ya kutoboa shilingi, hela yako imekwenda na maji. Ukikinunua ili upige sana kwa gharama ndogo, utakipenda. Mimi niko kundi la pili. Naishi Texas, nina AR-15 inayokula risasi kubwa zaidi za 5.56, na bei ya risasi hizo ndiyo iliyonifikisha hapa, maana .22 LR (ndiyo hiyo risasi ndogo) inauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. (Ndugu mlioko Dar au Nairobi, someni kwa udadisi tu. Sheria za huko ni nyingine kabisa.)

Kukifunga ni kazi ndogo. Unafungua bunduki, unatoa bolti nzima (chuma kinachokwenda nyuma na mbele kuingiza risasi na kutoa ganda), mpini wa kukokia unabaki, kisha unaingiza kifaa mahali pake. Mbele yake pana kichemba cha chuma chenye umbo la ganda la 5.56, nacho kinakaa sawasawa ndani ya chemba ya bunduki, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Risasi ndogo inaingia humo. Mtutu haubadilishwi kwa sababu vichwa vya risasi hizi mbili vina kipenyo kinachokaribiana sana. Mfumo wa gesi, ambao hurudisha bolti ukipiga 5.56, hauna kazi tena. Nguvu ya baruti yenyewe ndiyo inayoisukuma bolti nyuma. Wazo si geni: jeshi la Marekani lilikuwa na kifaa cha namna hii, M261, cha kufanyia mazoezi na bunduki yake ya M16.

Raha yake ni kwamba teke, yaani bunduki kukusukuma begani, karibu halipo kabisa. Mke wangu alikuwa akifumba macho kabla ya kufyatua 5.56, kwa .22 ametulia, na kifyatulio, swichi ya usalama na darubini anavyozoea ni vilevile vya bunduki kubwa.

Kero sasa. Kifaa hiki kinachagua chakula. Nilipokilisha risasi za bei ya kutupa, zisizopakwa shaba, kila baada ya muda mfupi ganda tupu lilibanwa wima kwenye dirisha la kutokea, nami nikabaki kuchokoa kwa kidole. Zile za mwendo wa polepole ndiyo kabisa, hazina nguvu ya kurudisha bolti. Nilipohamia risasi za CCI Mini-Mag, zenye kichwa cha greni 40 (gramu 2.6 hivi) kilichopakwa shaba, mambo yakanyooka.

Usahihi ni wa kuridhika nao tu. Mikato ya ndani ya mtutu wangu, inayozungusha risasi, ina mzunguko mmoja kwa kila inchi 7, wakati bunduki za .22 kwa kawaida huwa na mzunguko mmoja kwa inchi 16, kwa hiyo risasi ndogo inazungushwa kuliko inavyohitaji. Kwa yadi 25 napiga kopo bila shida. Kwa yadi 50 matundu yanaanza kutawanyika. Darubini nayo lazima uirekebishe upya, maana risasi haziendi pale zinapokwenda za 5.56. Jingine: risasi ya mwisho ikitoka, bolti yangu haibaki nyuma, kwa hiyo unajikuta unafyatua hewa.

Halafu uchafu, jamani. Masizi, nta na vumbi la madini ya risasi vinaganda kila mahali, hadi kwenye kitundu cha gesi mtutuni. Wengi humalizia siku kwa 5.56 chache ili kukizibua, nami hufanya hivyo. Lakini kabla ya kurudisha bolti ya 5.56, natoa kila kitu na kuchungulia mtutu kutoka nyuma hadi nione mwanga upande wa pili. Risasi dhaifu ya .22 inaweza kuacha kichwa chake humo ndani, na ukipiga 5.56 juu yake mtutu unaweza kupasuka. Ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida, acha kufyatua hapohapo.

Nakipa nyota nne. Mwenye kutaka shabaha ya kweli aongeze hela anunue sehemu nzima ya juu yenye mtutu wa .22.