Venti ilichomoka angani, kisha nikaulizwa mzee wangu yuko wapi

Nianze na kilichoniuma zaidi. Nilikuwa nimesimama kwenye kaunta ya duka la vipuri vya ndege Nairobi, nimeshika jicho la venti ya kuingizia hewa ndani ya ndege, lile tufe la plastiki nyeusi linalozunguka ndani ya pete ukitaka kuelekeza hewa. Kijana wa kaunta alilitazama jicho, akanitazama mimi, akachungulia mlangoni nyuma yangu kana kwamba kuna mtu ananifuata. Halafu akauliza, "Mama, mzee yuko wapi? Afadhali niongee na mwenye ndege."

Mwenye ndege ni mimi, pamoja na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Tumeiunda wenyewe kwenye banda lililokuwa la mahindi upande wa Njoro, Jumamosi baada ya Jumamosi, hadi watoto wa jirani waliokuwa wakija kutushikia tochi wakiwa darasa la tatu wakaingia sekondari. Ribiti za ubavu wa kushoto, zile pini za kuunganisha bati, nimezipiga mimi. Tundu la hewa lililo kwenye ubavu huo nimelikata kwa mkono wangu, nikalisugua kwa msasa mpaka ukipitisha kidole hukwaruziki. Mume wangu hutuletea chai na hutuombea. Zaidi ya hapo hana la kusema kuhusu ndege, na mwenyewe atakwambia.

Nilimjibu yule kijana kwa upole, nikamwambia mwenye ndege ndiye huyu anayemwona. Akacheka kidogo. Kilikuwa kicheko cha puani, lakini nilikisikia. "Sawa, madam, lakini hii ni venti tu. Si propela. Plastiki huvunjika." Akalisukuma jicho kurudi upande wangu wa kaunta kwa kidole kimoja.

Venti tu. Neno hilo nimerudi nalo Nakuru, nimelipitisha Naivasha na Gilgil yote nikiwa kwenye matatu, na bado sijalimeza.

Huku kwetu huwezi kusema venti tu. Nakuru iko karibu futi 6,100 juu ya usawa wa bahari. Kwenda Kisumu lazima uvuke milima ya Mau yenye msitu, na sisi huvuka tukiwa futi 10,500. Kwa kila futi 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi 2, kwa hiyo asubuhi ya nyuzi 15 bandani inakuwa nyuzi 6 au 7 juu ya msitu, na hewa hiyo inakuingilia kwa kasi ya ndege. Muda si mrefu unaanza kushuka kuelekea Kisumu, futi 3,800, jua limeshachachamaa, nawe umekaa chini ya kioo bila kivuli. Safari hiyo moja inataka venti ifunge kabisa, kisha ifunguke kabisa. Isiyofunga itakugandisha magoti juu ya Mau. Isiyofunguka itakuchemsha ukifika Muhoroni.

Na si starehe peke yake. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ndege ikiwa angani, shinikizo la hewa ndani huwa chini kuliko sehemu nyingi za nje, kwa hiyo kila upenyo kwenye ukuta unaotenga injini na abiria unaweza kuvuta moshi uuingize mlimokaa. Tumebandika kigunduzi kwenye dashibodi, lakini kigunduzi kazi yake ni kupiga kelele. Hewa safi ya kukuokoa inapitia kwenye venti. Haya ndiyo niliyotaka kumweleza yule kijana, nami sikupewa nafasi.

Sasa venti zenyewe. Mwanzoni tulikuwa na vifuniko vya kusukuma tulivyojikatia kwa bati la alumini. Vilikuwa vinagongagonga mpaka redioni walikuwa wakituuliza kama injini iko sawa, kwa hiyo tukaamua kubadilisha. Tulikuwa na njia mbili: macho ya plastiki, mepesi na ya bei ya chini, au macho ya alumini, mazito kidogo na ya bei zaidi ya mara tatu. Shemeji akasema plastiki, tuone kwanza. Nikakubali. Shilingi 8,500 kwa jozi, tukalilipa duka lile la Nairobi kwa M-Pesa, zikaja na matatu zikiwa zimefungwa vizuri. Nakiri kwamba siku ya kwanza nilizipenda. Jicho lilizunguka laini, na ukilisokota lilifunga kwa mlio mdogo mzuri.

Lakini kufunga kule kulikuwa kwa sauti tu. Tulipofika juu ya Mau kwa mara ya kwanza niliona magoti yananipiga baridi, nikapeleka mkono kwenye venti iliyofungwa: upepo mwembamba kama sindano, unatoka pembeni mwa jicho, na unapiga mbinja. Nilizisikiliza hizo mbinja kutoka Molo hadi tulipoanza kushuka. Nilichofanya ni kuchomeka ncha ya leso yangu kwenye pete kwa kidole. Leso ile ikawa kifaa cha ndege. Haikukosa safari hata moja.

Nilidhani kosa ni langu, kwamba tundu letu la nje linaleta hewa nyingi mno. Matundu yetu ni ya aina ya NACA, yale yaliyolala sawa na bati bila kutokeza nje, yanayoanza membamba mbele na kupanuka kuelekea nyuma. Walioyafanyia utafiti ni taasisi ya Marekani ya jina hilo miaka ya 1940, ambayo mwaka 1958 ndiyo iliyogeuzwa kuwa NASA. Kingo zake mbili zenye kona kali huzungusha hewa na kuivutia ndani, kwa hiyo usizilainishe kwa kupenda umaridadi. Nilipima yangu upya, nikabadilisha bomba, lile la rangi ya chungwa lenye waya ndani, nikakaza klampu. Mbinja zikabaki pale pale. Tundu halikuwa na kosa. Jicho ndilo halikukaa vizuri kwenye pete yake.

Siku lilipochomoka tulikuwa tunashuka, mashamba ya mpunga ya Ahero yakiwa chini yetu, maji yanametameta. Mimi ndiye niliyekuwa nikirusha. Joto limepanda, nikanyoosha mkono kufungua venti yangu hadi mwisho, na papo hapo nikasikia "tak". Jicho likaruka kutoka kwenye pete, likanigonga kifuani, likaanguka mapajani, likabingirika sakafuni kuelekea kwenye pedali za usukani wa mkia.

Jambo hili nataka mlielewe, hasa wewe unayesema venti tu. Tufe la ukubwa wa chungwa dogo, gumu, liko miguuni mwa rubani dakika chache kabla ya kutua. Likiingia nyuma ya pedali, pedali haisukumiki. Na kwenye dashibodi limebaki tundu wazi linalomwaga hewa yote usoni kwangu, machozi yananitoka, kelele zimejaa hata kwenye vipaza sauti vya masikioni, na mnara wa kuongozea ndege wa Kisumu unaniita nami nasikia nusu ya maneno. Shemeji alilegeza mkanda, akainama, akapapasa karibu na viatu vyangu. Nilimwambia asiguse mguu wangu wa kulia. Alilipata likiwa limeegemea kisigino cha mguu wa kushoto. Alipoinuka ametoka jasho, na hakusema neno mpaka tukatua.

Tulipokwisha kuegesha nikalitazama jicho. Lenyewe lilikuwa zima. Kilichovunjika ni vijino viwili vya pete, kati ya vinne vinavyolishikilia, na kimoja kilikuwa kimeshapauka pale kilipokatika, maana yake kilianza kupasuka zamani. Ndege yetu tulikuwa tumewahi kuiacha juani Kisumu kutwa nzima, zaidi ya mara moja. Chini ya kioo kile kuna joto ambalo huwezi kushika kifunga mkanda.

Siku ile ningeulizwa venti zile nizipe nyota ngapi ningesema sifuri na mtu asizinunue kamwe.

Pale Kibuye, mjini Kisumu, kuna fundi wa kukereza vyuma ambaye tulielekezwa kwake na dereva wa tuktuk. Nilimpa jicho na pete. Alifuta mikono kwanza. Akapima kwa kalipa, akaingiza kucha kwenye ule mpasuko, akauliza, "Mama, hii ilikuwa inakaa juani?" Nikamwambia. Akauliza ndege tuliiunda kwa ribiti au kwa kuchomelea, na nilipoanza kumjibu akawaita vijana wake wawili waache kazi waje wasikilize. Hakuna aliyechungulia nyuma yangu kumtafuta mzee. Akakata kipande cha bati, akakizungushia ukingo wa mpira, tukakifunga juu ya lile tundu turudi nyumbani salama. Alichukua shilingi 300, na alitaka kukataa.

Kwa hiyo nilipokwenda Nairobi baadaye sikwenda kugombana. Sikwenda hata kudai pesa. Nilitaka kusikia mtu akisema, "Pole, hii ni hatari, hebu tuwaambie wengine walionunua." Pole tu. Ndiyo maana neno lile lingine limenikaa hivi.

Venti za alumini zilikuja na mtoto wa dada yangu aliyekuwa anarudi likizo kutoka Marekani, zimefungwa ndani ya soksi kwenye sanduku. Moja tu niliiweka upande wangu. Ya pili nimeihifadhi. Pete yake ilikuwa nyembamba kuliko tundu la dashibodi yetu, nikarudi kwa fundi wa Kibuye akanikerezea pete ya kati. Nikaandika badiliko hilo kwenye kitabu cha kumbukumbu za ndege, kama inavyotakiwa. Ni nzuri? Ni nzuri sana. Jicho limekazwa kwa skrubu tatu nyuma, halishikiliwi kwa vijino, na kati ya jicho na pete kuna utepe wa felti, kitambaa kinene laini. Asubuhi moja tukiwa juu ya Mau niliifunga, nikaweka mkono, sikuhisi kitu. Niliiacha leso nyumbani safari iliyofuata.

Hata hivyo sitaki kuzisifu bila kusema kasoro zake. Kwa bei ile, jicho gumu kuzungusha kwa mkono mmoja halifai, na langu lilikuwa gumu kwa wiki kadhaa. Felti nayo inashika uchafu. Tulilala Kisumu mwezi ulipoandama, wakati ambapo wadudu wa ziwani hutoka kwa wingi mpaka wingu lao juu ya maji unadhani ni moshi. Tulisahau kuziba matundu ya nje. Asubuhi nilipofungua venti wakati tunapanda, nilipulizwa wadudu wakavu mdomoni na shingoni, na waliobaki wamekwama kwenye felti. Nilitumia jioni nzima kuwatoa kwa brashi ya meno. Sasa tuna vizibo vya sponji vyenye utepe mwekundu, na hakuna anayeondoka uwanjani kabla havijaingia. Vinazuia na nyigu wa udongo, ambao bandani kwetu hawangoji hata siku tatu kabla ya kujenga ndani ya tundu. Wavu wa mbu tuliujaribu, ukapunguza hewa mno, tukautoa.

Na sasa lazima niseme jambo ambalo Shemeji amenisisitizia, na ana haki. Venti ya upande wake ni ile ile ya plastiki, ya jozi ile ile, ya siku ile ile. Haijavunjika. Haipigi mbinja. Yeye huniambia, "Shemeji, labda yako ilitoka kiwandani na kasoro, au uliisokota sana," na ninapotulia naona huenda ni kweli. Kila safari nilikuwa nikishindilia leso kwenye pete ile kwa nguvu, na leso ikishindiliwa inasukuma vijino nje. Nimelifikiria hilo usiku. Kwa hiyo nyota sifuri naifuta. Kwa ndege inayolala bandani na kuruka asubuhi, plastiki ya shilingi 8,500 inaweza kukutosha, mradi uikague vijino kila mara na usishindilie kitu chochote kwenye pete. Nilikuwa nimeandika nyota tatu.

Lakini kila nikifika kwenye nyota ya tatu namwona yule kijana akichungulia mlangoni. Duka lile nalipatia nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu walifunga mzigo vizuri.

Nilikuwa nimekwisha kuandika haya yote wakati Shemeji alipopiga simu kutoka bandani. Amegeuza jicho lake juani akatazama vijino kwa kioo cha kukuza. Kimoja kina mstari mweupe. Nimemwambia asiruke nayo, ile ya alumini ya pili iko kwenye kabati, chini ya leso.