Fundi kompyuta wa Ngamiani: nyota nne, na ya tano nitasema imekwenda wapi

Duka halina kibao. Ukiingia Barabara ya 9 pale Ngamiani, Tanga, pita wauza vipuri vya baiskeli, utaona mlango wa bluu, benchi moja nje na redio kuukuu zimepangwa dirishani. Ndipo hapo. Ukiuliza jina la duka hutapata jibu. Uliza "kwa fundi wa kompyuta" na mtoto yeyote atakupeleka.

Naandika kwa ajili ya mzazi mwenzangu mwenye mtoto wa kisukari aina ya kwanza, ana pampu ya insulini na ana kompyuta nyumbani, na viwili hivyo havisemezani. Wengine mnaotaka kujua bei na tabia za fundi tu, ruka chini.

Binti yangu ana miaka kumi. Insulini ameanza akiwa na sita, na muda wote huo ilikuwa sindano kama wenzake wote wa kliniki. Mwaka jana mdogo wangu aliyeko Ujerumani akatuletea pampu iliyokwishatumika, kidude cha ukubwa wa simu ya kitochi. Ndani kuna kichupa cha insulini na betri moja nyembamba ya AAA, na nje unatoka mrija mwembamba unaoishia tumboni kwa mtoto, unaobadilishwa kila baada ya siku mbili tatu. Inadondosha insulini kidogo kidogo usiku na mchana, na mtoto akila unaiambia iongeze. Huko kudondosha hakulingani saa zote. Yake imepangwa itoe zaidi kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa moja asubuhi, kwa sababu sukari yake hupenda kupanda karibu na kucha. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Baada ya likizo, aliyokwenda kuila kwa bibi yake Pangani, mambo yakaharibika. Anaamka na sukari 15, 16, juu mno. Halafu saa tano yuko darasani anatetemeka, jasho linamtoka, wakipima imeshuka mpaka 3.2, mwalimu wake anakimbilia juisi. Wiki tatu hivyo. Tukasingizia kila kitu: mihogo ya shuleni, insulini imeungua na joto umeme ulipokatika, mtoto anavunja ungo mapema. Nikabadilisha vichupa. Sista wa kliniki akanizuia nisiguse dozi. "Pampu inakumbuka kila ilichofanya," akasema. "Niletee kumbukumbu zake kwenye karatasi, ndipo tuzungumze."

Karatasi hiyo ndiyo iliyonizungusha mji mzima.

Pampu yetu haina tundu la waya. Inaongea kwa redio, na kinachosikiliza ni kidude kama flashi unachochomeka kwenye kompyuta. Kidude hicho hakikuja na pampu, ikabidi mpwa wangu atuagizie mtandaoni kwa muuzaji wa Marekani, bei poa. Nikachomeka nyumbani, laptopu ikalia ting, basi. Hakuna kilichofuata.

Duka la kwanza nililokwenda silitaji. Kijana hakuniuliza hata kile kidude ni cha nini. Akasema mashine imechoka, ipigwe Windows upya, elfu sitini, vitu vyote vitafutika. Mimi ni mwalimu wa msingi. Maksi za darasa langu zimo humo humo. Nikafunga laptopu yangu nikatoka.

Kwa fundi wa mlango wa bluu mambo yalianza hivi. Akaniamkia, akaitazama pampu kiunoni mwa mtoto, mikono akaificha nyuma. "Sijawahi kuishika hii, mwalimu. Mimi nitashughulika na kompyuta. Hiyo nyingine utaibonyeza mwenyewe, mimi nitakwambia ninachotaka kukiona." Hapo hapo nikajua nimefika. Fundi anayekwambia mpaka wa ujuzi wake ni wa kushika kwa mikono miwili.

Akatoa daftari la shule, la mistari, akaandika tarehe. Kila anachojaribu anaandika, na anajaribu kimoja tu kwa wakati. Kwanza akahamisha kidude tundu la pili. Wapi. Akafungua orodha ya vifaa, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: jina la kidude lina alama ya mshangao ya njano. Maana yake kompyuta inahisi kuna mgeni mlangoni lakini haijui lugha yake, draiva haipo. Na haikukubali kuwekwa kwa sababu laptopu yangu ilikuwa bado na Windows 7, na programu ya kuhamishia data ya siku hizi haitaki kusikia habari za Windows 7.

Kwa hiyo naye akasema ipigwe Windows. Kumbe yule wa kwanza hakukosea sana, tofauti ni namna. Huyu alinakili mafaili yangu kwenye flashi, akaichomeka kwenye kompyuta yake mwenyewe, akafungua faili moja moja mbele yangu mpaka nikaona jina la mwanafunzi wa mwisho wa mkondo B. Ndipo akapiga Windows 10. Elfu kumi na tano, flashi yangu.

Alama ya njano ikaondoka. Taa ya kidude ikawaka. Programu ikatafuta pampu, ikatafuta, ikasema haioni pampu yoyote.

Nikaweka betri mpya, maana kuhamisha data kunakula betri na pampu yenye betri chovu haina sauti. Akaniambia nihakiki zile tarakimu sita za nyuma ya pampu kama ndizo nilizoandika kwenye programu. Ndizo. Nikafuta kengele ya ukumbusho iliyokuwa inasubiri kwenye skrini. Tukamsogeza mtoto mpaka akawa anaegemea meza. Bado.

Sasa sikilizeni alichofanya. Akachukua ile lenzi anayosomea namba za vipande vidogo vya saketi, akasoma stika ya kidude. Kisha akaniomba nigeuze pampu, akasoma stika ya pampu bila kuigusa, kainama kama anayetafuta mwiba mguuni. Akaandika namba mbili kwenye daftari, moja chini ya nyingine. Ya kidude ilikuwa na herufi NA. Ya pampu ilikuwa na WW. "Hawa si ndugu," akasema. Akaingia mtandaoni kwa bando lake, akarudi na jibu: pampu za aina hii zilizotengenezewa Amerika ya Kaskazini zinaongea kwenye masafa ya megahezi 916, za kwingine duniani kwenye 868. Pampu yetu imetoka Ujerumani, kidude kimetoka Marekani. Hata ungevibandika pamoja kwa gundi visingesikilizana, kama vile uwashe redio utafute taarabu kwenye stesheni ambayo haipo.

Nilikaa kwenye lile benchi nikahisi kulia. Kuagiza kingine, wiki nne, tano?

"Mwalimu, kwenye boksi la pampu kulikuwa na nini kingine?"

Kulikuwa na kipimo cha sukari ambacho hatukuwahi kukitumia, kwa sababu stripu zake sijazipata Tanga hii. Nilikiweka kabatini pamoja na vijitabu vya Kijerumani. Kesho yake nikakileta. Ukivuta kifuniko chake upande mmoja kinatoa kichwa cha USB, na kumbe chenyewe ndicho mkalimani: kinapima sukari, na pia kinazungumza na pampu kwa redio, kwa masafa ya ndugu yake. Stripu hazihitajiki kwa kazi hiyo. Kilikuwa kimelala miezi bila chaji, tukakiacha kwenye kompyuta kama saa moja kinywe umeme.

Programu ikaomba nenosiri. Fundi akageukia barabarani akaanza kumsalimia muuza kashata mpaka nikamaliza kuandika. Hilo nalo nimelihesabu.

Ikaenda. Polepole, mstari wa kijani unatambaa kama konokono, dakika kama kumi na tano, lakini ikafika mwisho. Karatasi ya kwanza ikatoka na namba za kunitoa roho: 198, 254. Kumbe mdogo wangu alipofungua akaunti ya programu kule alichagua sukari isomwe kwa miligramu, na sisi kliniki tunasoma kwa milimoli. Gawanya kwa 18 upate namba zetu. 198 ni 11 tu. Tukabadilisha kwenye mipangilio, likaisha.

Fundi akawa anatazama grafu ya dozi za chakula, akauliza kwa heshima kabisa, na ilikuwa si Ramadhani: "Samahani mwalimu, mtoto anafunga? Naona kila siku anakula daku, saa sita na nusu usiku."

Nikasoma. 12:30 AM, dozi ya chakula. Kila siku ya wiki tatu. Binti yangu saa sita na nusu usiku yuko usingizini. Anakula asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kabla ya shule.

Saa kumi na mbili na nusu. Kumi na mbili na nusu. 12:30.

Nikamgeukia mtoto. Akaangalia vidole vya miguu. Kumbe Pangani betri iliisha, binamu akaenda na baiskeli kutafuta nyingine, akachelewa, na pampu ilipowaka ikauliza saa. Mtoto akapaza sauti, "Bibi, saa ngapi?" Bibi yuko uani juu ya mbuzi anakuna nazi, akajibu bila kugeuka, "Saa moja na dakika ishirini." Mtoto akaandika 1:20, na kwa kuwa ni asubuhi, akachagua AM. Kama alivyofundishwa. Na waliomfundisha ni sisi walimu.

Sasa mtauliza, wiki tatu hamkuona? Hatukuona, kwa sababu ilikuwa inasema sawa! Saa nne asubuhi ukiitazama inaandika 4:00. Saa saba mchana, 7:00. Saa mbili usiku, 2:00. Ilikuwa inasoma saa kama tunavyoisema sisi watu wa pwani tangu tuzaliwe, na jicho likaridhika. Zile herufi ndogo za AM na PM pembeni nani anazisoma? Ila yenyewe ilikuwa imechelewa saa sita, na mipango yote imechelewa nayo. Ile insulini ya ziada ya saa kumi alfajiri ilikuwa inatoka saa nne asubuhi mpaka saa saba mchana, mtoto akiwa darasani. Alfajiri hapati, anaamka na 16. Saa tano anazidishiwa, anatetemeka.

Sikugusa kitu. Nikampigia sista nikiwa pale pale kwenye benchi. Akanyamaza kidogo, akasema rekebisha saa tu, dozi ziache zilivyo, usiku huu mpime saa tatu, saa sita na saa tisa, kesho njoo na karatasi. Wiki iliyofuata mtoto aliamka na 7, 8, na juisi ya mwalimu wake ikawa ya mwalimu wake.

Nyumbani sasa nahamisha mwenyewe kila Jumapili, kwa bando la simu. Mara tatu za kwanza ilikatika katikati kwa sababu mtoto aliinuka kufuata katuni, na redio ya pampu haifiki mbali. Dawa niliyoipata ni kumsuka. Naweka laptopu kwenye stuli, namkalisha miguuni pangu, naanza twende kilioni. Nikimaliza mistari mitatu data imeingia.

Haya, nyota ya tano. Fundi huyu hana kesho inayojulikana. Aliniambia alasiri, nikakuta kufuli. Akaniambia asubuhi, nikakuta kufuli na paka. Simu anaiacha ndani ya droo inalia peke yake. Risiti hatoi mpaka umdai, na akikupa ni karatasi iliyochanwa kwenye lile daftari. Ijumaa usijisumbue kabla ya saa kumi. Na hilo benchi lina mguu mfupi, kaa upande wa mlangoni.

Jumla nililipa elfu ishirini na tano, pamoja na kazi yote ya siku ya pili. Kile kidude cha Marekani nilimwachia. Amekitundika kwenye msumari juu ya meza, na stika ameiandika kwa kalamu nyekundu: NA. Kama kuna mtu hapa Tanga ana pampu yenye herufi hizo, kinamsubiri, bure.